Naombeni ushauri: kijitabu cha baba na picha za kaboi za enzi zake

Kijukuu: Wakuu habari. Baba anatimiza miaka 83, nimemwandikia kijitabu cha maisha yake na sura nzima ni picha za kaboi, zile sinema za farasi na bastola, alizoona miaka ya hamsini yeye na kaka yake. Niweke majina ya picha kama anavyoyataja au nihakikishe kwanza? Sijalala siku mbili.

MzeeWaMikanda: Umenikumbusha mbali kijana. Baba yangu alikuwa anaendesha mashine za sinema, nakaa naye kile chumba cha juu, joto kama tanuri. Mkanda mmoja kama dakika 20 hivi umekwisha, kwa hiyo mashine zilikuwa mbili, ukiona kidoa cha duara kona ya juu kulia unaiwasha ya pili, kikija tena unahamisha. Ukichelewa kidogo tu pazia jeupe, ukumbi mzima miluzi.

ShangaziMkali: Na mama je, kijitabu chake kiko wapi? Watoto wa kiume nyie, baba baba tu.

Chambua: Taja picha yenyewe, mbona unazunguka?

Kijukuu: Rio Bravo. Anasema waliiona 1955.

Chambua: Rio Bravo ya John Wayne imetoka 1959. Badilisha mwaka, yameisha.

Kijukuu: Baba mkubwa alifariki 1956. Ndo maana silali. Na vitabu vimeshachapwa, 40. Lakini jamani kasema kwa mdomo wake, mimi nani nimsahihishe? Siku hizi hata jina langu linampotea, ila siku ile ya sinema haijawahi kumpotea.

Pilipili: Hii chai. Marehemu kaona picha ambayo haijatengenezwa? 😂

Kijukuu: Siwezi kumtungia marehemu. Jana nimemrekodi, anasema sherifu kaachwa peke yake mji mzima umemkimbia, saa ya ukutani kila mara, wahuni watatu wanasubiri treni, mwisho anavua beji anaitupa kwenye vumbi. Wakati wa kurudi baba mkubwa akang'oa kifungo cha shati lake akakitupa vumbini vilevile, nyumbani wakachapwa wote wawili.

MzeeWaMikanda: Kijana hiyo ni High Noon! Gary Cooper, 1952, haina rangi. Rio Bravo ni ya rangi na sherifu ana wenzake, mlevi mmoja na mzee anayechechemea. Tena Wayne na Howard Hawks waliitengeneza kuijibu High Noon, hawakupenda sherifu azunguke kuomba msaada. Mzee kachanganya majina tu, 1955 na kaka yake inawezekana kabisa.

Pilipili: Duh. Nisamehe mkuu, nimeropoka.

ShangaziMkali: Chapa upya vyote.

Kijukuu: Hela ya kurudia sina shangazi. Nabandika kikaratasi kwenye ukurasa ule, vyote 40, usiku huu huu, na kisa cha kifungo nakiongeza. Kesho namuwekea High Noon. Mzee wa Mikanda, ile saa inaanza kuonekana mapema au nimuite baadaye? Hawezi kukaa sana.

MzeeWaMikanda: Mapema. Na picha yenyewe haifiki saa moja na nusu. Mkalishe toka mwanzo.