Nimelipishwa alaimenti iliyofanywa "kwa jicho": malalamiko yangu kuhusu springi na shokabzoba za Hilux

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimeizuia hasira hii kwa wiki tatu, nikitumaini kwamba waliochukua fedha zangu wangeona haya na kunipigia simu. Hawakupiga, kwa hiyo naandika. Jina la wakala huyo wa magari sitalitaja hapa, kwa kuwa nakusudia kulipeleka suala hili panapostahili, ila nitasema kwamba shoruumu yake iko Mombasa na ina sakafu inayong'aa kuliko sahani.

Mimi ni mkazi wa Malindi. Kazi yangu ni kupeleka wageni na mizigo yao Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, na siku zisizo na wageni hupakia mapipa ya maji na chakula cha mifugo kwenda pande za Marafa. Gari langu ni Toyota Hilux ya mwaka 2012, pikapu ya milango minne. Anayeijua njia ya Sala hahitaji kuelezwa: ni zaidi ya kilomita 100, na lami ikishakwisha barabara hujikunja kama bati la paa, hadi ukifika langoni vidole vinaendelea kutetemeka hata baada ya kuuachia usukani. Springi za zamani zilikuwa zimelala kabisa, na kila tukipakia, sehemu ya nyuma ilikuwa ikigonga. Ndipo nilipoamua kuweka springi imara zaidi na shokabzoba mpya pande zote nne, na kuliinua gari kwa milimita 50.

Nililipa shilingi 186,000. Kati ya hizo, 149,500 zilikuwa za vipuri, 32,000 za ufundi na 4,500 za alaimenti, yaani kupima na kuweka sawa pembe za magurudumu. Naomba muyazingatie hayo mafungu mawili ya mwisho, kwa sababu juu ya vipuri vyenyewe sina neno: ni vizuri, na ndivyo nilivyoagiza. Vipuri hivyo hivyo ningeweza kuvinunua mwenyewe na kumpa fundi wa mtaani avifunge kwa shilingi 8,000. Sikulipa mara nne ya bei hiyo kwa ajili ya kahawa yao na kiti cha ngozi. Nililipa kwa sababu ukishaliinua gari la aina hii, kukaza bolti ni sehemu ndogo tu ya kazi. Pembe za magurudumu ya mbele hubadilika, breki za nyuma huhitaji kurekebishwa, na nilidhani mahali penye mashine na mafundi wenye vyeti wangelijua hilo kuliko mimi.

Wiki ya kwanza nilijiona nimefanya la maana. Wiki ya nne usukani ulianza kuvuta upande wa kushoto. Wiki ya tisa nilipitisha kiganja juu ya tairi la mbele kushoto nikakuta ukingo wake wa nje umelika hadi kuwa laini kama kigae, ilhali upande wa ndani bado vijino vyake vimesimama kama siku nilipolinunua. Tairi hilo halikuwa na hata miezi minne.

Nililipeleka gari kwa mzee mmoja fundi hapa hapa Malindi, ambaye karakana yake ni mwembe na turubai. Alitandika kadibodi, akajilaza chini ya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, akalegeza bolti moja ya mkono wa chini wa mbele, yaani kile chuma kinacholishikilia gurudumu kwenye chasisi. Ilipolegea tu, tulisikia mlio mkavu, na boneti ikashuka kwa kadiri ya unene wa kidole. Alinitazama akauliza, "Mwanangu, hawa walikaza gari likiwa juu ya jeki?"

Kwa wasiofahamu, nitaeleza alivyonieleza, maana hapa ndipo kisa chote kilipo. Bushi ya mkono wa chini ni mpira ulioshikamana na bomba dogo la chuma ndani yake. Bolti ikikazwa, lile bomba hubanwa lisizunguke, na mpira ndio unaojinyonga kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Kwa hiyo bolti hiyo hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limeshushwa, uzito wake wote ukiwa juu ya magurudumu. Ukiikaza huku magurudumu yananing'inia hewani, mpira utakuwa umenyongwa tangu dakika ile gari linapogusa ardhi, na utabaki hivyo mchana na usiku, hata likiwa limeegeshwa tu. Bushi zangu zilikuwa mpya, na nilizilipia. Kati ya nne za mbele, moja ilikuwa imekwisha kuchanika katika wiki kumi na moja.

Mzee hakuishia hapo. Bolti zile zile zina visahani vyenye alama, ambavyo huzungushwa ili kuweka pembe za magurudumu. Alama za kulia na za kushoto zilikuwa mbalimbali kabisa, kana kwamba aliyezirudisha alikuwa akitazama simu. Akaniuliza karatasi ya alaimenti iko wapi, yaani ile inayochapishwa na mashine ikionyesha vipimo vya kabla na baada. Sikuwa nayo, wala sikuwahi kupewa.

Na kuna jambo la breki ambalo lingeweza kuniua. Nyuma ya Hilux yangu kuna vali iliyofungwa kwenye chasisi, yenye kifimbo kinachoshuka hadi kwenye ekseli, na kazi yake ni kupima mzigo: mzigo ukiwa mwingi, chasisi hukaribia ekseli na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Ukiinua gari bila kurekebisha kifimbo hicho, vali hudhani kwamba nyuma hakuna kitu na kuzinyima breki za nyuma nguvu zake. Hakuna aliyekigusa. Sasa ndipo nimeelewa kwa nini siku ng'ombe walipokatiza mbele yangu karibu na daraja la Sabaki, gari likiwa limejaa mapipa, boneti ilizama mbele na gari likaenda mbali kuliko nilivyotaraji.

Nilirudi Mombasa na bushi iliyochanika. Kijana wa mapokezi aliniita bosi wangu mara saba, nilihesabu, kisha akaniambia, "Bosi wangu, barabara zenu za huko Malindi ndizo mbovu." Nikamjibu kwamba ubovu wa barabara ndio ulionileta kwake hapo mwanzo, na kwamba kama springi za njia mbovu zinataka njia nzuri, basi angeniambia kabla ya kupokea fedha. Nikaomba karatasi ya alaimenti. Aliingia ndani, akakaa dakika ishirini, akatoka na msimamizi wake, ambaye alisema bila kupepesa jicho kwamba siku ile mashine ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo mafundi "walikadiria kwa jicho". Shilingi 4,500 za jicho, na risiti ya kodi ninayo, imeandikwa alaimenti. Nilipotaka kuzungumza na meneja, nikaambiwa yuko kwenye mkutano. Tangu siku hiyo mkutano haujakwisha.

Ninachodai nimekwisha kukiandika katika barua na kuipeleka kwa mkono, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa: warudishe 36,500 za ufundi na alaimenti, walipe tairi moja na bushi nne pamoja na gharama ya fundi aliyesahihisha makosa yao. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na fidia pale anapopata hasara, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ipo. Wakizidi kunizungusha, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60.

Kwa wenzangu waliowahi kufungiwa springi kama hizi na wakapewa karatasi halali ya vipimo, naomba mniwekee picha yake hapa, mkiwa mmefunika namba ya gari. Nataka kwenda nayo nikiwa na ile bushi na lile tairi, vyote viwili bado viko katika gunia barazani kwangu.