Tupeane uzoefu: mchezo wa redio usioweza kuusahau

Kidodosi: Wakuu, jana nimepita kwa fundi nikakuta redio ya National, ile ya mkulima, betri zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikasimama pale kama nimeitwa. Nimekumbuka enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, kabla redio binafsi hazijaanza. Mchezo wa Redio ulikuwa leo kisa hiki, kinaisha siku hiyohiyo, wiki ijayo watu wengine kabisa, na ukikosa umekosa. Siku moja betri zilikata moto wakati mtu anabisha hodi usiku, mwenye nyumba anauliza "nani?" Mpaka leo sijui nani alikuwa nje.

Mzee wa Kigoda: Umenikumbusha mbali. Kwetu betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili jioni zitufikishe mwisho.

Chuma Chakavu: Kuanika ni kujipa moyo tu. Dawa ilikuwa kuzing'ata.

Mzee wa Kigoda: Usiwafundishe watoto wa watu kung'ata betri, ile ni sumu!

Nyar Kisumu: Huku Kenya ilikuwa Vioja Mahakamani. Kina Makokha na Ondiek Nyuka Kwota ni walewale, lakini kila wiki kesi mpya. TV ilikuwa moja ploti nzima, ukichelewa unaangalia kupitia dirishani.

Chuma Chakavu: Twende na Wakati, ule mchezo wa RTD wa kufundisha kuhusu ukimwi, ndio baba lao. 1993, mara mbili kwa wiki, barabarani hakuna mtu.

Kidodosi: Ule ulikuwa mfululizo, mkuu, mada ni visa vinavyoisha siku hiyohiyo.

Mgogo Asilia: Halafu "hakuna mtu" ya wapi? Dodoma hatukuusikia mwanzoni.

Chuma Chakavu: Acha uongo, RTD ilikuwa ya nchi nzima.

Mgogo Asilia: Uliza uambiwe. Kituo cha Dodoma kilirusha kipindi kingine mpaka 1995. Watafiti walituacha makusudi, watulinganishe na mikoa iliyousikia. Linaniuma hadi leo, maana ukimwi haukutusubiri.

Binti wa Dereva: Nimesoma kimya, nimeshindwa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Dar–Tunduma. Mkwaju wa Twende na Wakati naye dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke. Jioni moja baba amerudi safari, tunakula ugali na dagaa, mchezo ukaanza. Mama hakusema neno. Alinyoosha mkono akaongeza sauti. Sisi watoto macho kwenye sahani. Tunu, mke wa Mkwaju, alipoanza kusema, baba akabaki na tonge mkononi, halikufika mdomoni. Ulipokwisha akanawa, akatoka, akakaa gizani chini ya mwembe mpaka tukalala. Wiki ileile walikwenda kupima wote wawili. Mama alikuwa salama. Baba tulimzika 1997. Nilipokuwa mkubwa mama akaniambia, yeye asingethubutu kumwambia baba maneno yale, Tunu alimsemea.

Nyar Kisumu: Pole sana dadangu. Nimelia.

Mzee wa Kigoda: Pole mwanangu. Nenda TBC ukaulizie kanda, wao ndio warithi wa RTD, mama azisikie tena.

Chuma Chakavu: Mzee shikamoo, ila hapo hapana. Utamtonesha mama wa watu kidonda.

Mgogo Asilia: Aulizwe mwenyewe kwanza.

Binti wa Dereva: Nilishamuuliza. Alisema sauti ya Tunu bado anayo masikioni, kanda ya nini.