Mrejesho: kumbeba mbwa kwa pikipiki, Mtwara hadi Mikindani

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri namna ya kumbeba mbwa wangu kwa pikipiki kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani kwa mama. Asanteni sana, tunasafiri.

Kreti la plastiki limefaa. Nimelifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu, pembe zote nne, ndani nikatandika gunia asiteleze. Uliyenishauri mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, Mungu akubariki: akiruka amefungwa shingo, ananyongwa. Kamba ni fupi, anakaa na kulala vizuri ila kuruka nje hawezi. Bomba la moshi liko mbali naye.

Kwanza nilimzoeza pikipiki ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma bila kutembea. Hapo ndipo penye kazi, msiparuke jamani.

Jua letu mnalijua. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, kwa hiyo tunatoka alfajiri, mwendo wa pole, maji tumebeba. Akizidi kuhema nasimama kwenye mikorosho apumzike.

Lindi simpeleki hivi. Kama kilomita 100 ndani ya kreti ni mateso kwake. Huko natafuta gari.