Pesa ya kujenga imekaa tu kwenye akaunti ya uwekezaji, nami niko California. Niiweke wapi kodi isiile?

Binti_Kilindini:
Salaam jamani. Mimi ni nesi hapa Oakland, nina green card. Nimeuza hisa zangu na sasa nina dola 60,000 taslimu kwenye akaunti ya kawaida ya uwekezaji, si ile ya kustaafu. Ni za kujengea Kilifi, na fundi ataanza kuzihitaji baada ya mwaka hivi, kwa hiyo hisa sitaki tena. Nafikiria kuzihamishia benki ya mtandaoni inayotoa 4%. Shida ni kwamba mshahara umenifikisha ngazi ya kodi ya 24% ya serikali ya shirikisho, na California wanachukua 9.3%. Binamu yangu aliye Nairobi naye hanipi pumzi: nimtumie zote anunue hatifungani za miundombinu, yaani aikopeshe serikali ya Kenya kwa riba, eti "hazikatwi kodi hata senti". Nyinyi mnafanyaje?

Mhasibu_Pwani:
Dada, kwa ngazi hiyo benki si mahali pako. Nunua T-bill, zile dhamana za muda mfupi za Hazina ya Marekani. Riba yake inatozwa na serikali ya shirikisho, lakini jimbo haliruhusiwi kuigusa.

Tuseme zote mbili zinalipa 4%. Riba ya mwaka ni dola 2,400. Benki itakuachia kama 1,600 baada ya kodi zote. T-bill itakuachia 1,824. Ili benki ikufikishe hapo, ingebidi ilipe takriban 4.56%. Ukiona inayolipa hivyo wakati T-bill ziko 4%, tuambie na sisi.

Mzee_wa_Houston:
Huku Texas hatuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo mimi hukimbilia popote penye riba kubwa. Ndiyo maana ushauri wa mitandaoni unawachanganya watu: anayeshauri hasemi anaishi jimbo gani.

Binti_Kilindini:
Ahsante kaka Mhasibu. Lakini kununua dhamana moja moja na kuzifuatilia zikiiva (muda wake ukifika nilipwe), na zamu zangu hizi za usiku? Hakuna mfuko?

Swaleh_LA:
Ipo. SGOV ni mfuko unaonunuliwa sokoni kama hisa, umejaa T-bill zisizozidi miezi mitatu. Ukiwa na akaunti kampuni ya Vanguard, kuna mfuko wao wa VUSXX. Ila usidhani kila mfuko wa soko la fedha (money market fund, unaokopesha kwa muda mfupi) ni sawa. Ule ambao dalali anakuwekea pesa zako bila kukuuliza mara nyingi huchanganya dhamana na mikopo ya usiku mmoja, na riba ya mikopo hiyo haina msamaha wa jimbo. California wana ukali wa ziada: mwishoni mwa kila robo mwaka, angalau 50% ya mali ya mfuko iwe dhamana za serikali ya Marekani. Usipofikisha, hupati msamaha hata kidogo.

Jingine ambalo watu hulikosa: fomu ya 1099-DIV, ile ya kodi inayoonyesha gawio ulilolipwa, haitakuambia ni kiasi gani kimesamehewa. Kampuni ya mfuko hutoa asilimia hiyo mwanzoni mwa mwaka, na ni wewe wa kuiingiza kwenye ritani yako ya kodi. Usipoiingiza, California watakutoza yote na hakuna atakayekushtua.

Binti_Kilindini:
Na ile mifuko ya hati za mikopo ya miji na majimbo, isiyotozwa kokote?

Mhasibu_Pwani:
Ya California haitozwi na shirikisho wala jimbo, lakini inalipa kidogo. Kwa mfano wetu, iwe juu ya 3.04% ndipo ikufae. Riba zake hupanda na kushuka ovyo, kwa hiyo linganisha kabla ya kuhama.

Mama_Zuhura:
Mimi nataka kumjibu huyo binamu. Hatifungani za miundombinu hazikatwi kodi Kenya, kweli kabisa. Lakini mwenye green card anatozwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mapato ya dunia nzima, na kwa kuwa Kenya hukulipa kitu, huna cha kudai upunguziwe huku. California nao watataka chao. Akaunti zako za nje zikipita dola 10,000 kwa jumla, hata kwa siku moja, unaripoti kwa FBAR, taarifa ya akaunti za nje. Mifuko ya soko la fedha ya Nairobi ndiyo mibaya zaidi: IRS wanaihesabu kuwa PFIC, yaani kampuni ya uwekezaji ya nje yenye masharti magumu ya kodi, na fomu yake 8621 inaweza kukugharimu kwa mhasibu kuliko riba yenyewe.

Tena ile hatifungani ya Februari 2024 iliyolipa 18.46% ilikuwa ya miaka 8.5. Fundi atangoja? Na atainunua kwa jina la nani, lako au lake?

Swaleh_LA:
Hapo kwenye jina, aibu nyingi za familia zimeanzia hapo. Lakini nimtetee binamu kidogo: fundi analipwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu 160, na baada ya miezi michache ikawa kama 130. Aliyengoja na dola zake alipoteza zaidi ya kodi zote tunazozihesabu hapa. Mimi ningetuma za msingi na mawe mapema, zilizobaki ziende SGOV.

Mhasibu_Pwani:
Naafiki. Na kama mwakani unapunguza zamu, kiasi kingine kiweke T-bill za wiki 26 au 52 zinazoiva baada ya Desemba. Riba yake huhesabiwa mwaka zinapoiva, si mwaka uliponunua, kwa hiyo itaangukia mwaka ambao mshahara wako ni mdogo.

Binti_Kilindini:
Mwakani narudi shule, zamu zitabaki nusu. Kumbe! Naangalia za wiki 52 leo hii.