Nianze na kadi ya picha au RAM?

Salaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, mashine ni kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba: prosesa i5-4570, RAM (kumbukumbu ya muda) kijiti kimoja cha GB 8, kadi ya picha haina. Gemu ya GTA V inakwamakwama. Nianze wapi?

Jibu 1: Waleikum salaam. Kadi ya picha, bila shaka. Ila pawasaplai yako (kifaa kinachoipa mashine umeme) ni ya wati 255 tu na kasha ni finyu, kwa hiyo tafuta kadi ya GTX 1650 ya kimo kifupi isiyo na tundu la waya wa umeme. Wati zake 75 hutoka kwenye sloti yenyewe, yaani tundu la ubao mama inamochomekwa kadi. Hakikisha inakuja na bamba fupi la nyuma. Kadi hii ni nene, pima nafasi kabla ya kulipa. Ukishaifunga, chomeka waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Wengi hukosea hapo.

Jibu 2: Halafu ongeza kijiti cha pili cha RAM cha GB 8, aina ya DDR3 1600. Aina mpya zaidi, DDR4, haiingii.

Jibu 3: Kaka, kabla ya kununua chochote safisha feni na ubadilishe pesti ya prosesa (ile inayopakwa juu yake kupitisha joto). Vumbi na hewa ya chumvi ya pwani huziba na kutia kutu. Prosesa ikichemka sana hujipunguzia kasi yenyewe.