Mwezi wa nane na watoto na bibi: Kisite, Shimba au Tsavo Mashariki?

BintiTudor
Assalaam aleikum jamani. Likizo ya mwezi wa nane tuna siku tatu za kutoka Mombasa. Tuko watu wazima wawili, watoto wa miaka 7 na 11, na bibi yao wa miaka 68 mwenye shida ya magoti. Gari ni Probox. Watoto wanataka pomboo na ndovu. Nimepanga siku ya kwanza Kisite (hifadhi ya bahari kule Shimoni), ya pili Shimba (hifadhi ya msitu kule Kwale), ya tatu Tsavo Mashariki, kwenda na kurudi. Ratiba hii itawezekana?

NahodhaWaVanga
Waaleikum salaam dada. Siku ya Kisite usiifunge kabla hujatazama mwezi uko tarehe ngapi. Agosti ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Upepo huwa mpole alfajiri, jua likipanda nao hupanda, na kufikia saa saba mchana mawimbi nje ya Wasini humtapisha mtoto hata kama alianza safari akicheka.

Hesabu kwa mwezi mwandamo. Karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana, na bamvua hushika nguvu siku moja au mbili baadaye. Pwani yetu bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Maana yake asubuhi nzima maji yanatoka: mkondo wa Shimoni na Wasini unakwenda kasi, tope la mikoko linateremka nao, na mkondo ukikutana uso kwa uso na upepo, mawimbi husimama wima. Watoto hawataona kitu chini ya maji, na kuogelea kurudi kwenye mashua ni kazi.

Nendeni maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, tarehe 8 hadi 10 au 23 hadi 25. Siku hizo maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo mkifika mwambani saa tatu maji safi ya bahari kuu bado yanaingia, na mkondo ni dhaifu. Ondokeni Shimoni si zaidi ya saa mbili asubuhi. Mwambieni nahodha mapema kwamba saa sita mnataka kuwa mmerudi.

Jaketi za kujiokolea zivalishwe watoto gatini, kabla ya kupanda, na uvute mikanda mwenyewe. Jaketi ya mtu mzima haimfai mtoto wa miaka 7, hutoka kichwani akianguka majini. Miwani ya kuzamia ijaribuni nchi kavu: mtoto aiweke usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua, ikishika bila kuanguka inamtosha. Na asikanyage matumbawe. Yale yaliyofura kama jiwe hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Yaliyobaki ni amana.

Mzee_wa_Maungu
Mwanangu, Kisite umejibiwa vizuri. Tsavo kwenda na kurudi siku moja mimi sikubali. Lango la Bachuma liko kilomita zipatazo 100 kutoka Mombasa na malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini Mariakani malori huwakalisha. Mkiingia saa tatu, ubichi wa asubuhi umeshapita na simba wamejilaza vichakani. Halafu mnatoka saa kumi na mbili jioni na kuendesha usiku kati ya malori, bibi na watoto ndani.

Laleni Voi mjini. Lango la Voi liko karibu, mnaingia alfajiri. Agosti ni kiangazi, kwa hiyo wanyama wanafuata maji: anzeni kandokando ya Mto Voi, kisha Aruba. Ndovu ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojirushia. Watoto waambieni watafute swala twiga, yule anayesimama kwa miguu miwili akila majani. Wengi humpita wakidhani ni swala wa kawaida.

Probox inapita barabara kuu za murami wakati wa kiangazi. Msiingie njia za mchanga za mabonde makavu, ndiko gari ndogo hukwama, na hairuhusiwi kushuka kusukuma popote tu. Mwendo ni kilomita 40 kwa saa. Jazeni mafuta Voi, angalieni upepo wa tairi la akiba (wengi hulikumbuka lishapasuka la kwanza), na wekeni lita 20 za maji kwenye mtungi.

KwaleKijani
Shimba inatosha nusu siku. Ndiyo hifadhi pekee Kenya yenye palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, na huonekana mapema kwenye nyasi za juu, kabla ukungu haujaisha. Ndovu wapo ila hujificha msituni, msiwaahidi watoto. Maporomoko ya Sheldrick, mita 21, mnakwenda kwa miguu na askari wa hifadhi, na kupanda kurudi kunauma magoti, kwa hiyo bibi abaki juu na mtu mmoja. Msivae buluu wala nyeusi: mbung'o hufuata rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo hivyo.

BintiTudor
Ahsanteni sana. Basi Shimba naiacha: Tsavo siku mbili na Kisite moja. Bibi afanyeje siku ya bahari?

NahodhaWaVanga
Avuke nanyi hadi Wasini, kivuko kile ni kifupi, kisha abaki kisiwani. Kuna njia ya mbao inayopita kwenye mikoko na matumbawe ya kale, inatunzwa na kina mama wa kijiji. Atatembea polepole na kupumzika kivulini. Fikeni naye maji yakiwa juu, kwani yakipwa atashukia kwenye mawe yenye utelezi.

KwaleKijani
Nyongeza: malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, langoni hawapokei noti. Lipeni usiku wa kuamkia safari mkiwa na mtandao mzuri, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, la sivyo hamtapewa bei ya raia. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, kwa hiyo maji ya watoto yatieni kwenye chupa za kujaza tena.