Friends msimu wa 5: mapenzi ya Monica na Chandler yalipangwa tangu mwanzo?

Usiku_Mrefu

Habari zenu wakuu. Nimemaliza msimu wa 5 wa Friends, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani kuhusu marafiki sita, na badala ya kuingia wa 6 nimejikuta nimerudi mwanzo wa huohuo wa 5. Nina swali kwa wanaoufahamu vizuri.

Misimu minne mizima habari ya mapenzi ni Ross na Rachel, Ross na Rachel. Halafu ghafla kule London, Ross yuko mbioni kumuoa Emily, Chandler yuko kitandani na Monica anaibuka kutoka chini ya shuka! Hili waandishi walilipanga zamani, au lilijitokeza tu njiani? Na la pili: siri yao imebeba zaidi ya nusu ya msimu wa 5 na sikuchoka hata kidogo. Kwa kawaida tamthilia ikianza mambo ya kufichana nabadilisha chaneli. Hapa wamefanyaje?

Bi_Tamthilia

Karibu sana, umegusa msimu ninaoupenda kuliko yote kumi.

La kwanza ni rahisi. Halikupangwa kuwa la kudumu. David Crane na Marta Kauffman walioibuni tamthilia hii, pamoja na waandishi wao, walikuwa wanafikiria jambo la kupita, lichekeshe kidogo kisha marafiki wale warudi kuwa marafiki. Lakini Friends ilirekodiwa mbele ya watu waliokaa ukumbini, na siku ile walikuwa watazamaji wa London. Monica alipochomoza kutoka kwenye shuka, ukumbi ulilipuka. Walishangilia kwa muda mrefu mpaka waigizaji ikabidi wasubiri watulie ndipo waendelee. Waandishi wakaona wameshika kitu kikubwa kuliko walivyodhani. Kwa hiyo msimu wa 5, ulioanza kurushwa mwaka 1998, ukajengwa juu ya makelele yale.

La pili ndilo linalonifanya niupende. Siri haifichuki kwa watu wote kwa mpigo, wala haifichuki kwa namna moja. Inamfikia mmoja mmoja, na kila mmoja inamfikia kulingana na tabia yake. Joey anagundua mapema, episodi ya 5, kwa kuunganisha mambo mawili matatu kichwani, yeye ambaye kila mtu anamwona mzito wa kuelewa. Rachel anajua episodi ya 11 kwa kuinua simu na kusikia maongezi yasiyomhusu. Phoebe anawaona kwa macho yake kupitia dirishani, episodi ya 14, akiwa kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara ambayo Ross anataka kuipanga. Ross ndiye wa mwisho, na Monica ni dada yake! Kila anapoongezeka mtu mmoja, vichekesho vinabadilika, maana sasa kuna wanaojua, wasiojua, na wanaojifanya hawajui. Huwezi kuchoka kwa sababu si siri ileile tena.

Mtazame Joey. Jamaa hakuomba kuambiwa chochote, lakini ndiye anayebeba mzigo wote. Episodi ya 9 vitu vya wale wawili vinaonekana ovyo nyumbani, na kila kikionekana ni Joey anayekubali kudharauliwa ili rafiki zake wasijulikane. Chupi ikikutwa, ni yake. Kamera ikikutwa, ni yake. Marafiki zake wa kike wanamtazama kama mtu mchafu naye anameza. Hapo ndipo vichekesho vinapouma kidogo, na Matt LeBlanc, anayemwigiza Joey, anaviigiza bila kuomba huruma.

Halafu ile ya 14. Phoebe anaamua kumtega Chandler kimapenzi ili akiri, Monica naye anamsukuma Chandler asikubali kushindwa. Kwa hiyo watu wawili wasiotamaniana hata chembe wanasogeleana sebuleni, kila mmoja akingoja mwenzake akimbie. Joey yuko nje na Rachel, amechoka, anataka yaishe; Phoebe akitoka kutafuta ushauri, Joey mwenyewe anamfungulia nguo ili Chandler aogope! Lisa Kudrow (Phoebe) na Matthew Perry (Chandler) wanakumbatiana, tazama mikono yao, haijui iende wapi. Wanabusiana, na Chandler anashindwa. Anasema anampenda Monica. Ukumbi unatoka kwenye kicheko kwenda kwenye kitu kingine kabisa, na Monica anatoka alikojificha kwa uso ambao si wa mchezo tena. Yule Chandler, ambaye kwa miaka minne alikimbia kila mwanamke aliyemkaribia, ametamka neno hilo mbele ya watu. Kwenye ile ya Sikukuu ya Shukrani, Monica alipovaa bata mzinga kichwani, lilimponyoka Chandler akalikana palepale. Safari hii hakulikana.

Kocha_wa_Sofa

Bi_Tamthilia umeeleza vizuri, ila mnamsahau Ross. Msimu huu ni wake kwa vichekesho. Ndoa na Emily inavunjika, mtu anakula sandwichi yake kazini anapandwa na hasira mpaka anapewa likizo ya lazima, suruali ya ngozi inamnasa chooni kwa msichana. Mimi ya Monica na Chandler naiona tamu, lakini David Schwimmer, anayemwigiza Ross, ndiye aliyenivunja mbavu.

Kilichoniudhi ni habari ya Emily. Masharti anayompa Ross ya kutomwona Rachel yanamfanya aonekane mbaya tu, wakati yeye ndiye aliyeitwa jina la mwanamke mwingine madhabahuni.

Bi_Tamthilia

Kuhusu Emily nakuunga mkono kabisa. Alionewa na hadithi. Helen Baxendale aliyemwigiza alikuwa na ujauzito kipindi kile, ikawa shida kwake kushiriki kikamilifu, kwa hiyo tunamsikia zaidi kwenye simu kuliko kumwona. Mtu unayemsikia kwenye simu tu, tena akitoa amri, ni vigumu kumpenda. Kinyume chake ni Phoebe: ujauzito wa Lisa Kudrow wakaugeuza kuwa hadithi, Phoebe akambebea kaka yake mapacha watatu, na akajifungua kwenye episodi ya 100, mwanzoni mwa msimu huuhuu. Mmoja wakampa jina la Chandler, kumbe ni wa kike!

Na Ross ananichekesha sana, kaka, lakini kicheko chake kingeweza kukaa msimu wowote. Ya Monica na Chandler haihamishiki.

Usiku_Mrefu

Asanteni sana wote. Kwa hiyo nikirudia nianzie wapi, na kule Las Vegas mwishoni mnaionaje? Ile ya dadu nimeipenda mno.

Bi_Tamthilia

Anzia episodi ya 5, halafu 8, 9, 11 na 14 kwa mfuatano, uone siri inavyotembea. Halafu ruka mpaka Las Vegas. Wamewekeana kwamba zikitoka nne mbili wataoana. Monica akirusha dadu, moja inadondoka chini ya meza, imekaa upande, haijulikani ni nne au tano. Chandler anainama, anaitazama, anasema ni nne. Ni nne ndiyo inayowafanya waamue kwenda kufunga ndoa usiku uleule, na aliyeichagua ni yeye. Ukishaitazama hiyo, ingia msimu wa 6 bila kusita.